Binti ana selimundu na amepangiwa bweni Njombe: tuseme au tufiche?

*"Habari za kazi, sista. Binti yangu ana miaka 14 na ana selimundu, aligundulika akiwa na mwaka mmoja na nusu. Amefaulu darasa la saba na amepangiwa shule ya bweni mkoani Njombe. Sisi tunaishi Morogoro. Mwaka huu amelazwa mara mbili, mara moja akaongezewa damu. Anatumia foliki asidi kila siku. Daktari wa kliniki alishauri tumwanzishie haidroksiyurea, tukaogopa kwa sababu tuliambiwa ni dawa ya saratani. Mama yake humpa pia sharubati ya kuongeza damu. Bado anakojoa kitandani mara mojamoja, na hilo ndilo linalomuumiza moyo zaidi. Kwenye fomu ya shule kuna sehemu ya mganga kujaza magonjwa ya mwanafunzi. Kaka yangu anasema tusiandike, watamkataa au watamtenga. Anasema watu wa selimundu hata malaria haiwasumbui, shida yao ni baridi tu. Mke wangu hataki aende kabisa. Na maelekezo ya shule yanasema mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa yoyote bwenini. Tufiche au tuseme? Na je, bweni atalimudu?"*

Kaka, swali la kwanza kwangu halina mjadala: semeni. Mganga ajaze ile fomu kama ilivyo, na msiishie kwenye fomu. La pili, kama atalimudu bweni, ni gumu zaidi na nitalifikia, kwa sababu jibu lake linategemea mambo ambayo wewe mwenyewe itabidi uende kuyaona kwa macho.

Hofu ya kaka yako naielewa. Nimekuwa muuguzi wa shule kabla ya kuhamia kliniki, nimewaona watoto wenye macho ya manjano wakikimbiwa na wenzao wa kitanda cha jirani waliodhani ni homa ya ini ya kuambukiza. Unyanyapaa upo. Lakini fikiria kuficha kunamtaka binti afanye nini. Ameze foliki asidi kwa kujificha, au aache. Akiamshwa na maumivu ya mifupa saa nane usiku, amwambie matroni ni tumbo. Matroni, ambaye katika shule nyingi za serikali ni mwalimu tu aliyepewa jukumu, ataona msichana wa kidato cha kwanza analia bila jeraha wala uvimbe, ataamua kwamba amekumbuka kwao, atampa parasetamoli mbili na kumwambia alale. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Kila mtu ametenda kwa kile alichoambiwa.

Ile fomu nayo si mtihani wa pili wa kujiunga. Nafasi ameipata kwa matokeo yake. Kinachotokea wakati mwingine ni mkuu wa shule kuingiwa na hofu na kupendekeza uhamisho. Hayo ni mazungumzo yanayovumilika mkiwa mmeketi ofisini mwezi wa Januari. Yakianza Juni, mtoto akiwa tayari yuko kwenye dripu, yanakuwa ugomvi.

Kusema pia si kutangaza mstarini. Wanaopaswa kujua ni mkuu wa shule, muuguzi au mwalimu wa afya, matroni, mwalimu wa darasa na mwalimu wa michezo. Wanafunzi wenzake hawahusiki mpaka binti mwenyewe aamue, ingawa mimi huwashauri wachague rafiki mmoja wa kitanda cha jirani na kumweleza. Rafiki huyo ndiye atakayekimbia kumwita matroni. Usiku wa bweni mtu wa kwanza kuona tatizo ni mtoto mwingine.

Sasa tuelewane ugonjwa unavyofanya kazi, maana nusu ya mambo mliyoambiwa yananyooka hapo. Chembe nyekundu za damu ya kawaida ni laini na za mviringo, zinajikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko nywele. Za binti yako zina himoglobini ambayo ikishaachia oksijeni hujipanga kwa nyuzi ngumu ndani ya chembe, na chembe inapinda. Chembe zilizopinda zikikutana kwenye mshipa mwembamba ni kama malori mabovu kwenye daraja la njia moja: nyuma yake hakuna kinachopita. Sehemu iliyokosa damu inauma, na maumivu hayo ni ya nyama na mfupa kukosa hewa. Mtoto hadeki. Halafu chembe hizo hazidumu. Za kawaida huishi kama siku 120, zake huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yake iko chini muda wote na macho yana unjano.

Kinachozifanya zipinde kwa wingi ni mwili kukauka maji, baridi, homa na maambukizi, kuchoka kupita kiasi, msongo, na kwa baadhi ya wasichana siku za hedhi. Soma tena hiyo orodha ukiwa na ratiba ya bweni mkononi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuoga maji ya baridi, mchakamchaka, kuchota maji, foleni ya chai, kukaa darasani bila ruhusa ya kutoka. Ratiba ya kawaida kabisa, isiyo na ukatili wowote, inaweza kugusa vichochezi kadhaa kabla ya saa mbili asubuhi. Ndiyo sababu nasema shule lazima ijue.

Kuhusu malaria, kaka yako amechanganya watu wawili. Anayekingwa kiasi ni yule aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, kama wewe na mkeo, ambao hamuumwi. Mwenye viwili, yaani binti, hana kinga hiyo ya kumtosha, na kwake malaria ni hatari zaidi, kwa kuwa inavunja chembe za damu ambazo tayari ni chache. Sasa, Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, na hapo ndipo kuna mtego. Binti atatoka likizo Morogoro, ataumwa na mbu nyumbani, arudi shule akiwa mzima, na homa impande siku ya kumi akiwa mahali ambapo wahudumu hawawazi malaria kwanza. Waelezeni: homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo baada ya likizo apimwe malaria. Na kinga ya malaria ambayo kliniki yake imempangia, kama ipo, isikatishwe kwa sababu tu anakwenda kwenye baridi.

Sharubati ya kuongeza damu naomba mama aisimamishe mpaka mmeongea na daktari. Nyingi ya dawa hizo ni madini ya chuma. Damu ya binti haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua kwa sababu chembe zinavunjika haraka, na chuma kilichomo kinabaki mwilini, tena kila chupa ya damu anayoongezewa inaleta kingine. Kikizidi huenda kukaa kwenye ini na moyo. Wapo watoto wachache wa selimundu wanaopungukiwa chuma kweli, lakini hilo linajulikana kwa kipimo cha damu. Angalizo hili liandikwe pia kwenye karatasi ya shule, maana shule nyingine hugawa vidonge vya chuma kwa wasichana wote, na mwalimu anayegawa hana namna ya kujua. Foliki asidi, ambayo ni vitamini ya kusaidia kutengeneza chembe mpya za damu, yeye aendelee nayo.

Haidroksiyurea, ndiyo, ilianza kama dawa ya saratani. Hamkudanganywa, ila mliambiwa nusu. Kwa kipimo kidogo kinachotumika kwa selimundu, inaufanya mwili utengeneze zaidi himoglobini ya aina ile anayokuwa nayo mtoto tumboni, na hiyo haipindi. Utafiti uliofanywa Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi, ukachapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto takribani 600 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Walipoanza dawa, vipindi vya maumivu vilipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria ikapungua. Ina masharti: lazima apimwe wingi wa damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na siku za usoni hatakiwi kubeba mimba akiwa anaitumia bila daktari kujua. Mtoto aliyelazwa mara mbili mwaka mmoja na kuongezewa damu, mimi ningerudi kliniki wiki hii hii na kulifungua upya suala hilo. Mkiuliza, ulizeni pia kama amewahi kufanyiwa kipimo cha mawimbi ya sauti cha mishipa ya kichwani. Hupimwa kati ya miaka 2 na 16, na huonyesha watoto walio kwenye hatari ya kiharusi kabla hakijatokea. Kama daktari wenu hana mashine, atajua pa kuwaelekeza.

Tuje kwenye shule yenyewe. Watu wengi wakiuliza "shule ina zahanati?" na kujibiwa "ndiyo", wanaridhika. Mimi huwauliza swali jingine: saa saba usiku, kati ya mtoto anayeumwa na sindano ya dawa, kuna ruhusa ngapi? Rafiki amwamshe kiranja. Kiranja aogope kumwamsha matroni. Matroni ampigie mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu ampigie mkuu wa shule, mkuu akupigie wewe, simu yako haipatikani, dereva anaishi mjini. Kila mmoja anatimiza utaratibu, na saa nne zimekwisha. Kwa watoto wengi ucheleweshaji huo hauna madhara makubwa. Kwa mtoto wa selimundu mwenye homa, una madhara.

Nitaeleza kwa nini. Bandama ndiyo huchuja vimelea vya hatari kwenye damu. Kwa wenye selimundu, mishipa yake midogo huziba tangu utotoni, na watoto wengi wakifika miaka mitano haifanyi tena kazi ya maana. Kwa hiyo bakteria ambaye kwa mtoto mwingine angesababisha homa ya siku mbili, kwake anaweza kusambaa kwenye damu ndani ya saa chache. Joto likifika 38, apelekwe hospitali usiku huohuo, apewe antibiotiki ya sindano mapema hata kabla majibu yote hayajatoka. Na hapa kuna kosa la kawaida sana: kipimo cha malaria kinasoma chanya, kila mtu anashusha pumzi, anapewa dawa ya malaria na kurudishwa bwenini. Malaria na bakteria vinaweza kuwa pamoja. Kipimo chanya hakimalizi uchunguzi kwa mtoto huyu. Kumpa parasetamoli ili joto lishuke na kusubiri kuche nako ni kuzima king'ora moto ukiwa bado unawaka.

Dalili nyingine za kumtoa shuleni bila kusubiri: maumivu ya kifua, kikohozi chenye kuhema haraka au kubanwa pumzi, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito ghafla, degedege, kichwa kuuma kwa nguvu kuliko alivyozoea, kupauka ghafla na kuishiwa nguvu, au tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Udhaifu wa upande mmoja hata ukipotea baada ya dakika kumi bado ni wa hospitali. Na maumivu ya mifupa ambayo hayajatulia saa moja au mbili baada ya dawa yamevuka uwezo wa chumba cha wagonjwa cha shule.

Maumivu yanayoanza kidogo shule inaweza kuyashughulikia vizuri tu. Alale mahali pa joto, anywe vya moto, awekewe kitambaa chenye joto la wastani, apewe parasetamoli kwa uzito wake, isiyozidi mara nne ndani ya saa 24. Dawa za jamii ya ibuprofeni apewe tu kama daktari wake amezikubali, kwa sababu ya figo, na asipewe akiwa hajala. Mwalimu wa michezo aelezwe jambo moja kwa herufi kubwa: barafu ni marufuku. Kwa mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu barafu ni msaada. Kwa huyu inabana mishipa palepale inapoziba.

Hiyo kanuni ya dawa bwenini siilaumu. Imetokana na watoto kugawana vidonge, na wengine kumeza vingi kwa makusudi. Msipigane nayo, ombeni mpangilio. Foliki asidi na haidroksiyurea zikae kwa muuguzi au matroni kwenye kabati lenye kufuli, binti azipitie kila siku saa ileile, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi, na kuwe na daftari la kuweka alama. Haidroksiyurea hasa isishikwe ovyo. Vidonge visifunguliwe, na matroni mjamzito asiviguse kwa mikono mitupu. Siku akisahau, asimeze mara mbili kesho yake. Kitu kimoja ningekiombea ruhusa maalumu: dozi ya kwanza ya parasetamoli, vidonge vya mara moja tu kwenye bahasha yenye jina lake, akae nayo mwenyewe au kwa kiranja wa bweni. Shule zingine zitakubali, zingine hazitakubali. Zikikataa, ulizeni basi kabati linafunguliwa na nani usiku.

Baridi ya Njombe si ya kudharau. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri zake zinauma hata mzima. Baridi hubana mishipa ya ngozi na viungo, damu inapita polepole, chembe zinakaa muda mrefu bila oksijeni na kupinda. Kwa hiyo omba aoge maji ya uvuguvugu, hata ndoo moja kutoka jikoni, na aoge mchana badala ya alfajiri. Blanketi mbili nzito, soksi, sweta mbili, nguo ya ndani ya mikono mirefu, na koti la mvua, maana kulowa ndiko kunakoleta shida zaidi ya baridi kavu. Lakini kuna jambo la baridi ambalo wazazi wa mikoa ya joto hawalifikirii: mtoto hasikii kiu. Morogoro anakunywa bila kuambiwa. Njombe atapitisha asubuhi nzima na nusu kikombe. Mnunulieni chupa ya chai ya lita moja ya kutunza joto, ajaze maji ya moto jikoni asubuhi na mchana. Kwa umri wake lita 2 hadi 3 kwa siku ni lengo zuri, isipokuwa daktari amesema vingine. Urefu wa mahali nao una mchango wake, kwani hewa ni nyepesi kidogo na mwenye damu ndogo atahema akipanda mlima, ila kwa mtoto aliyetulia ningeogopa zaidi baridi na ukavu.

Safari yenyewe msiisahau. Ni zaidi ya kilomita 500 za basi, na wasichana wengi hawanywi maji njiani kwa kuogopa kuomba gari lisimame wachimbe dawa. Anashuka Njombe jioni akiwa amekauka, kwenye baridi, amechoka. Kisha usiku wa kwanza bwenini maumivu yanaanza, na watu wanasema "mazingira hayajamkubali". Anywe, na mwambie kondakta mapema.

Michezo asikatazwe yote. Kuna wazazi wanaoandika "asifanye kazi yoyote" na shule inaitii, mtoto anageuka kuwa wa kukaa kwenye benchi miaka minne. Atembee, acheze netiboli kwa kiasi chake, afagie darasa. Kinachokatazwa ni kushindana mpaka aishiwe pumzi, mchakamchaka wa alfajiri ya baridi, kuchota maji ndoo baada ya ndoo, na kuogelea kwenye maji ya baridi. Kipimo ni rahisi: akisema amechoka, anaruhusiwa kuacha bila kujieleza. Adhabu za kupiga magoti kwenye sakafu ya baridi, kuruka kichura au kusimama juani zisimguse. Hili liombwe kwa maandishi, kwa sababu adhabu ya darasa zima haibagui.

Halafu hilo la kitandani, ambalo nyinyi mmelitaja katikati ya mengine na yeye pengine ndilo analolala akiliwaza. Mwambieni leo kwamba si uvivu na si utoto. Selimundu huharibu mapema sehemu ya ndani ya figo inayofanya mkojo kuwa mzito, kwa hiyo mkojo wake ni mwingi na mwepesi, usiku kama mchana. Vijana wengi wenye ugonjwa huu wanapitia hali hiyo, na wengi huacha kadiri wanavyokua. Kosa kubwa ni yeye kuacha kunywa maji ili asikojoe. Hapo anabadilisha aibu kwa maumivu. Anywe sana asubuhi na mchana, apunguze kidogo saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Aombewe kitanda cha chini karibu na mlango, godoro livishwe mpira chini ya shuka, awe na shuka tatu, na matroni amruhusu kufua na kuanika bila kupita mbele ya bweni zima. Rafiki yake au matroni amwamshe mara moja usiku wa manane. Mchana aruhusiwe kutoka darasani kwenda chooni bila kunyoosha mkono mara tatu. Kama kukojoa kitandani kumeongezeka ghafla, au mkojo unauma, apimwe maambukizi ya njia ya mkojo. Mambo ya hedhi na maumivu yake mama aongee naye kabla ya safari, aandike tarehe kwenye kalenda; baada ya miezi michache mtajua kama vinafuatana.

Haya yote yaingie kwenye karatasi moja. Nasisitiza moja, faili nene halifunguliwi usiku. Juu, jina na ugonjwa. Kisha kiwango cha damu yake anapokuwa mzima. Watoto wengi wa selimundu wanaishi na 7 au 8, na daktari asiyemjua akiona 7 anaweza kumwongezea damu isiyohitajika, au akaona 5 asijue kwamba ni anguko kubwa kwake. Kundi la damu, dawa na dozi, zinazomdhuru, dalili za kumpeleka hospitali, hospitali gani, namba zenu mbili za simu na ya kliniki. Mwisho wa karatasi, sentensi iliyosainiwa na nyinyi na mkuu wa shule, kwamba mmeridhia apelekwe hospitali dalili hizo zikitokea, bila kusubiri mpatikane kwenye simu. Sentensi hiyo pekee inakata ruhusa tatu katika zile nilizozihesabu. Kadi ya bima na fedha kidogo ya usafiri zikae kwa matroni, si ofisini kwa mhasibu anayefunga saa tisa na nusu. Toeni nakala: kwa matroni, kwa mkuu wa shule, na moja ndani ya tranka lake.

Kuna wakuu wa shule watakaosema, "akiumwa tu tutamrudisha nyumbani." Wanasema kwa nia njema. Kazi ya uuguzi wa shule ilizaliwa kupinga wazo hilo. New York mwaka 1902 watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa maelfu kwa trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza), chawa na upele, na hakuna aliyewatibu. Muuguzi Lina Rogers akapewa shule nne za majaribio, akaanza kuwatibu palepale na kuwafuata wengine majumbani. Ndani ya mwaka mmoja, waliokuwa wanarudishwa walipungua kwa takribani asilimia 90. Muuguzi yupo ili mtoto abaki darasani. Na kwa binti yako, kumpandisha basi la kilomita 500 akiwa na maumivu ni kumwongezea hatari. Atibiwe hukohuko, mumfuate nyinyi.

Sasa, aende au asiende? Mkeo hajakosea kuogopa. Nenda Njombe kabla ya kufungua, wewe mwenyewe, uangalie mambo matatu. Kuna mtu aliyesomea uuguzi au uganga anayelala shuleni au mwendo wa dakika chache? Kuna gari, au makubaliano na dereva anayejulikana, saa za usiku? Na hospitali yenye maabara na damu ya kuongeza iko umbali wa chini ya saa moja, hata barabara ikiwa na matope? Yakiwepo yote matatu, na binti akawa hana historia ya kiharusi wala tatizo kubwa la kifua, na kliniki ikawa imemwona, ningemwachia aende. Mngefanya muhula wa kwanza kuwa wa majaribio, mkikubaliana mapema kipi kitawafanya mumtoe: akilazwa mara mbili ndani ya muhula, kwa mfano. Likikosekana moja, hasa gari la usiku, ningeomba uhamisho kwenda shule ya kutwa au bweni lililo karibu na kliniki yake. Uhamisho wa sababu za afya huanzia kwa mkuu wa shule aliyopangiwa, ukiwa na barua ya daktari, na unaendelea kwa maofisa elimu. Una usumbufu, kwa hiyo anzeni mapema.

Kama mtaanza haidroksiyurea sasa, jueni kwamba miezi ya mwanzo ina vipimo vingi vya damu. Hiyo ni sababu ya kutosha kumwomba daktari aandike kama vipimo vinaweza kufanyika hospitali ya huko, au kama ni bora binti aanzie karibu na nyumbani mpaka dozi itulie. Mimi naegemea hilo la pili, ingawa nisingempokonya nafasi kama huduma ya huko ni imara. Kutwa nako kuna gharama zake: daladala za alfajiri, kulowa mvua, kazi za nyumbani. Nimeona watoto waliokaa bwenini vizuri kuliko nyumbani kwa sababu matroni alijua kuhesabu vidonge.

Katika barua yako yote sikuona yeye anataka nini. Ana miaka 14, anaujua mwili wake kuliko sisi. Muulizeni akiwa peke yake, na mwende naye kliniki ili daktari aongee naye moja kwa moja, si na nyinyi juu ya kichwa chake. Mtoto atakayeweza kumwambia matroni "hii si homa ya kawaida kwangu, nina selimundu, nipeleke" amebeba kinga ambayo karatasi haiwezi kuibeba.

Kwa hiyo wiki hii: kliniki kwanza, mkiwa na ile chupa ya sharubati mkononi ili daktari aisome, halafu simu kwa mkuu wa shule kuomba kuonana naye. Na mkimpeleka, laleni Iringa au Makambako njiani, mfike shule asubuhi ya siku ya kazi. Mkifika jioni mtamkabidhi kwa mlinzi.